Msabato Aliyetufundisha Nyama ya Nguruwe

Tarehe thelathini Juni mwaka huu wa 1978, Mwalimu Yeremia Onchiri atarudisha funguo za jiko la mafunzo, atavua koti lake jeupe la kazi, na kustaafu baada ya miaka kumi na saba ya utumishi katika Kituo chetu cha Lishe hapa Kisii. Wahariri wa jarida hili wameniomba mimi, Mogaka, dereva na mtunza stoo, niandike wasifu wake, kwa kuwa nimekaa naye karibu kuliko mtu yeyote isipokuwa mkewe. Waliniomba pia niandike kwa ufupi. Hilo la pili nitajaribu.

Kwa faida ya walioajiriwa juzi juzi, Mwalimu Onchiri ni mzaliwa wa Itumbe. Alisoma shule ya misheni, akafundisha darasa la tatu na la nne kwa miaka kadhaa, kisha akajiunga nasi mwaka wa 1961. Ni Msabato wa kuzaliwa na mwimbaji wa besi anayeweza kutikisa madirisha. Hajawahi kutia mdomoni pombe, tumbako, kahawa wala nyama ya nguruwe. Hata majani ya chai, ambayo analima shamba zima, hajui ladha yake. Yashikeni hayo akilini, maana kwa karibu muda wote aliokaa hapa, Mwalimu amelipwa mshahara kwa kuwafundisha watu faida za nyama ya nguruwe.

Ilikuwaje? Mwaka wa 1962 kituo kililetewa nguruwe weupe, wazazi wa nguruwe wengi mnaowaona leo kuanzia Keumbu hadi Ekerenyo. Siku hizo wodi zilikuwa zimejaa watoto wa kwashiakoo, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, mtoto hacheki wala hachezi. Mkuu wa kituo, bibi mmoja Mzungu aliyependa mambo yaende haraka, alituita uani akauliza ni nani mwenye sauti ya kumfikia mama aliyekaa mstari wa nyuma. Sote tulimnyooshea kidole Onchiri. Naye, kwa kuwa hachukii kusifiwa, alitoa kifua mbele akaitikia kwa besi yake yote kwamba yuko tayari. Ndipo akaambiwa somo lenyewe. Bibi yule hakuuliza habari za dini ya mtu, na Mwalimu alikuwa ameshaitikia.

Jioni hiyo nilimrudisha kwao kwa Landrova. Tukakaribia lango lake. Akageuka akaniambia, "Mogaka, kusema ukweli juu ya chakula si kukila." Nikamwambia hapo amesema kweli. Akasema, "Basi wewe ndiye utakula." Hivyo ndivyo nilivyopata cheo ambacho ofisi haikunipa, cha mwonjaji. Mimi ni Mkatoliki, na cheo hicho nilikipokea kwa moyo mweupe.

Somo lile nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia misa, padri anisamehe. Mwalimu aliwapanga akina mama pembeni mwa soko, vikongwe mbele, kisha akawauliza walikula nini jana. Jibu lilikuwa lile lile: ndizi, viazi vitamu, na obokima, ule ugali wetu wa wimbi. "Vizuri sana," alisema. "Hizo zote ni kuni. Kiberiti kiko wapi?" Hapo aliinua kipande cha nyama kwa uma mrefu kama fimbo ya kuchungia, akaeleza kwamba nyama ya nguruwe hujenga mwili na kuongeza damu, na kwamba vitamini B ya kwanza imo humo kwa wingi kuliko katika nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, nayo ndiyo inayousaidia mwili kuugeuza ugali kuwa nguvu. Alieleza kwamba mafuta yake yanamfaa mtoto aliyekonda, lakini mtu mzima mwenye kitambi ajihadhari, na kila mara alipofika hapo akina mama wote walinitazama mimi. Alionya kwamba lazima iive mpaka ndani, isibaki na wekundu wowote, kwa sababu ya minyoo, na kwamba nguruwe akae bandani, asizurure ovyo akila uchafu. Mtoto mdogo akatiwe vipande vidogo sana, vipondwe pamoja na ndizi. Tena mnyama mwenyewe hana makuu. Hula maganda ya ndizi na majani ya viazi, vitu ambavyo kila nyumba inavyo, na huzaa wengi kwa mpigo mmoja.

Aliyasema hayo kwa uchungu na utamu kiasi kwamba mate yalinijaa kinywani kabla sufuria haijachemka. Msikilizaji angeapa kwamba mtu huyu hulala na paja la nguruwe chini ya mto.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mkewe, Mama Nyanchera, aliweka sheria kwamba koti la kazi lisivuke lango. Mwalimu alilivulia njiani na kulitundika juu ya ua, na asubuhi alilivaa hapo hapo, likiwa na umande au limelowa mvua chepechepe. Harufu ya mafuta haikutoka kwa umande. Mbwa wa Itumbe waliigundua mapema, wakawa wakimpokea Mwalimu barabarani kila jioni na kumsindikiza mpaka langoni kwa heshima ambayo hata chifu hakuipata. Siku za Ijumaa, jua likikaribia kuzama na Sabato kuingia, ungemwona Msabato huyu akienda mbio huku kundi la mbwa likimfuata na kutikisa mikia. Jirani yake, Mzee Nyamweya, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa lake, alikuwa akisimama nje na kuwaangalia mbwa hao mmoja mmoja.

Taabu yetu kubwa kazini ilikuwa chumvi. Mpishi yeyote huonja. Humwaga mchuzi kidogo kiganjani, akalamba, akaongeza au akaacha. Mwalimu hakuweza kulamba, na tuliogopa kwamba akina mama wakiona mwalimu mwenyewe anaikwepa nyama anayoisifu, watabeba watoto wao waende zao. Kwa hiyo tulipatana ishara. Mimi nilijifanya nachochea moto, naonja, kisha nikigusa kifungo cha shati chumvi imetosha, nikikuna sikio aongeze.

Ishara hizo zilitufaa mpaka siku tuliyokwenda Keumbu, ambako nzi wa sokoni walinipenda masikio. Kila nilipomfukuza nzi, Mwalimu aliongeza chumvi. Nilikohoa, nilikunja uso, nilikanyaga mguu wake, lakini macho yake yalikuwa kwenye sikio langu tu, na mkono ukawa unaingia kwenye mkebe wa chumvi na kutoka. Akina mama walikula kwa adabu wakamaliza maji yote ya mtungi. Hawakulalamika hata kidogo. Walirudi nyumbani wakiamini kwamba nyama ya nguruwe huzaliwa na chumvi yake, na kwa muda mrefu baadaye nyumba nyingi za Keumbu ziliipika bila chumvi kabisa, zikashangaa kwa nini nguruwe wao hawana ladha kama wa serikali.

Baada ya hapo mama mmoja aliuliza kwa sauti kwa nini Mwalimu hali. Hapo ndipo nilipovumbua jambo ambalo bado najivunia. Nilimshauri Mwalimu awe na ndizi ya kuchoma mfukoni, na nyama ikiiva atie kipande cha ndizi mdomoni na kutafuna. Alikataa, akasema huo ni uongo. Nikamwambia uongo husemwa, na yeye hasemi neno, anatafuna ndizi tu, na anayedhani ni nyama amejidanganya mwenyewe. Alifikiri juu ya hilo njia nzima mpaka Ekerenyo. Tulipofika alikuwa na njaa, akatafuna.

Siku hiyo hiyo Mzee Nyamweya alikuwa amekuja Ekerenyo kutafuta mtamba wa kununua. Alipita karibu na sufuria yetu, akasimama na mwavuli wake kwapani, akamwona mwimbaji wa besi wa kanisa lake amesimama juu ya nguruwe anayechemka, mashavu yamejaa, anatafuna kwa furaha. Alikuwa na ushahidi wa mbwa. Sasa alikuwa na ushahidi wa macho.

Mwalimu aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Naomba msilichukulie hili kwa mzaha, ingawa nalisimulia nikicheka, maana yeye hakucheka. Kwake kanisa ni baba na mama. Kama wangemtoa, angekaa nje ya uzio siku ya Sabato akisikia besi ikiimbwa na mtu mwingine, na Mama Nyanchera angeketi ndani peke yake. Alikonda wiki hiyo, na hakuwa na pa kukonda. Aliomba jambo moja tu, kwamba aruhusiwe kuleta shahidi.

Shahidi nilikuwa mimi. Nilivaa shati langu zuri, lile ambalo vifungo vyake vilikuwa vimeanza kugombana na tumbo, nikasimama mbele ya wazee waliokaa kwenye mabenchi. Mzee Nyamweya akaniuliza kama nimewahi kumwona Onchiri akila nyama ile. Nikajibu, "Tata, mimi siko mtu ya maneno mingi. Angalia Mwalimu, halafu angalia mimi. Tumetoka na sufuria moja miaka hii yote. Hiyo nyama imeenda wapi?"

Mzee Nyamweya aliinuka, akasogea, akalikagua tumbo langu upande huu na upande ule kwa makini ya mtu anayenunua dume la ng'ombe. Kisha akamgeukia Mwalimu, aliyekuwa amesimama kama ufito uliovalishwa koti. Akarudi kukaa. "Hii ni ushahidi," akasema. Wazee wakacheka mpaka mmoja akaangusha kofia yake, na Mwalimu akarudishiwa amani yake. Alionywa tu kuhusu ndizi, kwamba kutafuna kwa namna hiyo kunakwaza watu, na aache. Akaacha.

Lakini habari njema ya kanisani ilikuwa mbaya kazini. Tumbo langu lilipata sifa. Kabla ya mwezi kuisha, kila mtu kutoka Itumbe hadi Nyamira alijua kwamba mwalimu wa nguruwe hajawahi kula nguruwe. Akina mama waliokuwa wakija kwa makumi wakaanza kuja wawili watatu, tena kuangalia tu. Walikuwa na swali moja: kama ni nzuri hivyo, mbona yeye anaogopa? Wengine walisema kuna ugonjwa ndani yake ambao Mwalimu anaujua na anatuficha. Watu wakawauza nguruwe wao kwa wapita njia. Na wodini, vile vitanda vilivyokuwa vimeanza kubaki vitupu vikaanza kupata watoto tena.

Ofisi yetu ya Kisumu ikapata habari, ikamtuma mkaguzi, Bwana Walter Akong'o, mtu wa ziwani, mcheshi, lakini aliyekuja na maagizo. Kama darasa halijai, lifungwe, nguruwe wauzwe, na Mwalimu aachishwe kazi. Alichagua kulitazama darasa Itumbe kwenyewe, mwezi wa Julai mwaka wa 1970, siku ya Alhamisi. Watu walijaa siku hiyo. Hawakuja kwa ajili ya lishe, walikuja kuona Onchiri atafanywaje. Mzee Nyamweya alikuja pia, akasimama pembeni na mwavuli wake. Alisema amekuja kuhakikisha kwamba kondoo wao halazimishwi.

Nyama ikaiva. Bwana Akong'o akachukua sahani, akaweka kipande, akampelekea Mwalimu. "Mwalimu, hawa akina mama wanasema wewe huli. Kula kimoja tu wakuone, tumalize hii maneno."

Mwalimu akauweka mwiko chini. Nimemfahamu mtu huyu kwa sauti kubwa, lakini wakati ule aliongea kwa sauti ya chini hata waliokuwa nyuma wakasogea. "Siwezi, Bwana. Mimi ni Msabato. Sijaila tangu nizaliwe na sitaila leo. Lakini yote niliyowaambia juu yake ni kweli."

"Sasa mimi nitaandika nini?" akauliza Bwana Akong'o, na naamini alikuwa anasikitika kweli. "Mwalimu ambaye anaogopa somo yake mwenyewe, nitamwacha hapa namna gani?"

Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria na sikujua nikiweke wapi. Ndipo akainuka Bosibori, mama wa watoto tisa, Mkatoliki mwenzangu, mfugaji wa nguruwe na mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema.

"Wewe Bwana mkubwa, ngoja kidogo," akasema. "Huyu mwalimu alitufundisha pia kunyonyesha. Alisema maziwa ya kwanza ni dawa, tusimwage, mtoto anyonye mpaka afike miaka mbili. Tulisikia yeye, na watoto wako hapa, waangalie. Hiyo siku mbona hakuna mtu alimwambia anyonyeshe kwanza tuone?"

Wananchi walianguka kwa kicheko. Bwana Akong'o alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la makaa na suruali yake ya kaki, na alipoinuka suruali ilikuwa nyeusi nyuma. Vikongwe wa mbele walishikana mikono na kulia machozi. Mzee Nyamweya alifungua mwavuli bila mvua akajificha nyuma yake, na mwavuli ukawa unatetemeka. Mwalimu peke yake hakucheka. Alilifunga koti lake vizuri kifuani, vifungo vyote, na hilo likawafanya watu waanze upya.

Mimi nilidhani mambo yameisha, nikaanza kugawa sahani. Hayakuwa yameisha. Nyuma kabisa alikuwa amesimama mama kijana aitwaye Bitutu, wa kanisa lile lile la Mwalimu, ambaye hakuwahi kuja darasani kwetu hata mara moja. Alikuwa amembeba mgongoni binti yake mdogo, Mong'ina. Alisubiri kicheko kiishe, akapita katikati ya watu, akamteremsha mtoto na kumweka mbele ya Mwalimu. Hakuhitaji kueleza ugonjwa. Miguu ilikuwa imevimba na nywele zilikuwa na rangi ya kutu.

"Mwalimu," akasema, "mvua ya mawe ilimaliza maharagwe yangu. Ng'ombe yangu ilikufa. Baba ya mtoto ako Kericho na hajatuma kitu. Bosibori ananiambia ako na nyama ya hiyo mnyama, atanipa bure. Mimi ni Msabato kama wewe. Nimpe mtoto, ama nisimpe?"

Hakuna aliyecheka sasa. Swali la Bwana Akong'o lilikuwa la kazi, na swali la wazee lilikuwa la kanisa, lakini hili la Bitutu lilikuwa na mtoto ndani yake. Mwalimu aliinama akamgusa Mong'ina mguuni kwa kidole, na shimo la kidole likabaki pale pale. Mzee Nyamweya alikuwa ameufunga mwavuli na kusogea karibu. Naye Onchiri alimwona. Alijua vizuri kabisa ni nani anayemsikiliza.

"Kama ungekuwa na maharagwe, ningesema maharagwe," akasema. "Kama ungekuwa na maziwa, ningesema maziwa. Huna. Mpe hiyo nyama, Bitutu. Uipike sana, uiponde na ndizi, mpe kidogo kidogo, na kesho Mogaka atawapeleka hospitali. Na kama ni dhambi, haiko kwako wala kwa mtoto. Mungu akiuliza, sema ni Onchiri alisema. Nitaibeba mimi."

Nilimtazama Mzee Nyamweya. Aliuweka mwavuli begani, akageuka, akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea upande wa kanisa. Sote tulijua anakwenda kuwaita wazee, na safari hii tumbo langu halingeweza kumsaidia mtu. Bwana Akong'o alimshika Mwalimu mkono, akamwambia kazi yake iko salama, ataandika hivyo. Mwalimu alishukuru kwa adabu, lakini ungemwona ungejua kwamba hakusikia. Alikusanya vyombo vyake. Nilipomwacha langoni, alilitundika koti juu ya ua akasimama hapo akilishikilia, kana kwamba hajui kama ana ruhusa ya kuingia kwake.

Kesho yake, Ijumaa, nilifika kwa Bitutu asubuhi kama nilivyoagizwa. Nilimkuta Mzee Nyamweya uani. Alikuwa amefika kabla yangu, viatu vimejaa matope, na mkononi ameshika kamba ya ng'ombe wa maziwa aliyezaa karibuni, ndama akimfuata. Wazee wetu wana desturi ya kumwekea mtu ng'ombe. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, lakini maziwa ni ya anayemlisha. Nyamweya hakuwa amewaita wazee wowote. Alikuwa amekwenda kwa mkwewe, mbali ng'ambo ya kanisa, alikomwekea ng'ombe huyo, akamchukua na kumswaga usiku kucha mpaka hapa. Bitutu alikuwa ameshika kibuyu na kulia.

Mzee aliniona, akanipa kamba niifunge kwenye nguzo, akajifuta jasho. "Mwambie Mwalimu wako," akasema, "maziwa iko. Ile dhambi yake haitahitajika."

Kama Mong'ina alionja nyama ya Bosibori jioni ile moja kabla ng'ombe hajafika, mimi sikuuliza. Bosibori, ambaye husema mambo yote, hajawahi kulisema hilo, na Mwalimu hakutaka kujua. Ninachojua ni kwamba alilazwa wiki chache, akatoka anacheka, na leo anamsumbua mwalimu wake wa hesabu.

Darasa letu lilijaa tangu mwezi ule, tena kwa watu ambao hatukuwahi kuwaona. Akina mama Wasabato, ambao kwa miaka mingi walitukwepa wakidhani tutawashika na kuwalisha, sasa walikuja na kukaa mstari wa mbele. Mwalimu aliweka majiko mawili. Kwenye moja alipika nyama ya nguruwe na kusema wazi kwamba yeye haili, muulizeni Mogaka. Kwenye la pili alipika maharagwe, mayai, njugu na mboga za chinsaga kwa maziwa, vyakula vya kujenga mwili vile vile, na hapo alionja mwenyewe. Siku ya kwanza alipoonja mwenyewe tuligundua kwamba Mwalimu Onchiri hupenda chumvi kupita kiasi cha binadamu, kwa hiyo yale ya Keumbu naomba yasihesabiwe juu ya nzi wala juu yangu peke yangu.

Kwa miaka minane iliyofuata tulizunguka na majiko hayo mawili kila mahali Landrova ilipoweza kupita na mahali pengine ambapo haikuweza. Wodi ya watoto haijawa tupu, nisiwadanganye, lakini muuguzi wa leo anaweza kukaa na kunywa chai yake ikiwa moto. Mzee Nyamweya alifariki mwaka wa 1975, na Mwalimu ndiye aliyeongoza besi makaburini. Ndama wa ng'ombe yule walizaa wengine, nao wakawekwa katika nyumba zenye watoto wadogo, za Wasabato na za Wakatoliki, bila kuulizana.

Mwalimu Onchiri, kituo kinakushukuru, na mimi nakushukuru kuliko kituo. Nitakukumbuka sana, na sioni haya kuliandika. Watu wengi wako tayari kusema ukweli usiowagharimu kitu. Wewe uliusema mbele ya mkaguzi aliyeshika kazi yako na mbele ya mzee aliyeshika kanisa lako, kwa ajili ya mtoto wa mwenzako, na ukajiandaa kulipa. Nenda Itumbe ukapumzike na Mama Nyanchera, uvune, uimbe, uone wajukuu, na siku zako ziwe nyingi na njema. Unarudi nyumbani mikono mitupu, Mwalimu. Ulisema utaibeba ile dhambi, na jirani yako akaona heri atembee na ng'ombe usiku kucha kuliko kukuacha uibebe.